Taa ya Breki Haizibwi kwa Utepe

Ha Lepheane,
S.L.P. 41,
Butha-Buthe, Lesotho.
20 Aprili 2022

Mpendwa wifi yangu Nthoateng,

Pokea salamu zangu huko Paarl kwenye zabibu za watu. Hujambo wewe? Mgongo unaendeleaje? Mwezi wa pili ulisema huwezi tena kuinua kreti mbili kwa pamoja, nami nikakwambia inua moja, hakuna anayekupa medali. Na miguu, bado inavimba ukisimama kutwa? Vaa soksi za sufu nilizokufumia, usiziweke kabatini kama za maonyesho.

Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Baridi imeshaingia, asubuhi maji ya ndoo yanaganda juu. Mama yetu hajambo, presha imeshuka. Analalamikia meno, lakini nyama ya Pasaka haikumshinda, aliitafuna hadi mfupa. Lineo hakuja sikukuu, ana mitihani chuoni Maseru. Amenituma nikuambie anakudai picha, shangazi yake.

Haya, salamu zimetosha. Wifi, nina hasira na wewe na ninakupenda, na vyote viwili utavikuta humu ndani. Ningekupigia simu, ila wewe kwenye simu unanikata kauli kabla sijafika katikati. Karatasi huwezi kuikata kauli. Keti basi, chemsha chai, usome mpaka mwisho.

Ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Ulisema, "Mama Lineo, mpe Lebina hilo gari. Breki si sufuria. Ule mlima umeshamla baba yetu, usiupelekee na mama." Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nikakasirika. Mara ya tatu nikajiuliza: huyu wifi yangu amehadithiwa na nani? Maana aliyekuhadithia ni shemeji yangu Lebina, na Lebina ndiye anayelitaka gari. Umesikia kesi kwa mdomo wa mdai, na hukumu ukaitoa kabla mshtakiwa hajasimama. Sasa mshtakiwa amesimama.

Kwanza niseme lililo kweli. Breki zilikuwa zimekwisha. Mwezi wa tatu nikishuka na magunia ya sufu ya kina Mama Puleng, pikapu ikaanza kulia magurudumu ya mbele, chuma kwa chuma. Sikujifanya sikusikia. Niliiegesha siku hiyohiyo, sikumbeba mtu wala kondoo. Nikaagiza pedi za breki za mbele na viatu vya breki za nyuma kutoka duka la vipuri mjini, nikavaa ovaroli ya marehemu kaka yako, nikaingia kazini mwenyewe hapo uani.

Watu walishangaa. Mimi nashangaa wanashangaa nini. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Sekoati akilala chini ya gari, nani alikuwa anamshikia tochi? Nani alikuwa anampa spana kumi na nne kabla hajaitaja? Lebina alikuwa wapi? Alikuwa amekaa juu ya ukuta wa zizi akila mahindi ya kuchoma. Nguo nyeusi ya msiba nimeivua Januari mbele yenu wote, wazee wakanibariki, hakuna mwiko uliobaki wa kunizuia kushika spana za mume wangu. Nikazishika.

Kazi ilinichukua siku mbili. Nilipandisha gari kwa jeki, nikaliwekea mawe manne chini, nikatoa magurudumu. Pedi za mbele zilikuwa nyembamba kama sarafu. Kile kichwa cha chuma kinachozisukuma nilikirudisha ndani kwa jiriwa, polepole, huku natazama mafuta yasifurike kwenye kopo lake. Nyuma nikafungua ngoma, lile bakuli la chuma linalofunika breki, nikabadilisha viatu, na zile springi zake, wifi, zimenitukana! Moja iliruka ikanipasua kidole. Nilifunga kitambaa nikaendelea. Mwishoni nikavuta hendibreki juu na kuishusha mara nyingi, kama kitabu cha gari kinavyosema, ili viatu vipya vikae sawa.

Nikawasha gari. Kanyagio likawa gumu, zuri, linakamata juu kabisa. Nilizunguka uwanja wa shule mara sita, gari linasimama ninapotaka. Lakini kwenye dashibodi, ile taa nyekundu ya breki inawaka. Nikazima, nikawasha. Inawaka. Nikaangalia mafuta ya breki, yamefika kwenye mstari. Inawaka tu, inanikodolea jicho.

Na unavyomjua shemeji yangu, bahati yake haikosi njia. Jioni ile akapita, akachungulia dirishani, akacheka mpaka akashika goti. "Mwanamke na breki wapi na wapi! Shemeji, hata gari lenyewe limekushtaki." Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kinajua, na wewe huko Paarl ukajua pia.

Jumapili ya Matawi wakaja kwa kikao: Lebina, Baba Mkubwa Rantsane, na Mama. Niliwapikia kuku, wakala, kisha wakanihukumu. Neno lilikuwa moja. Jumatatu ya Pasaka, ikiwa taa bado inawaka, funguo apewe Lebina, na gari liwe lake moja kwa moja. Mama naye alikubali. Hakunitazama, alitazama sahani yake akasema, "Na iwe hivyo." Hilo liliniuma kuliko kicheko cha Lebina.

Wifi, sijui kama unaelewa mnataka kuchukua nini. Bila gari hilo nani atashusha sufu ya wanawake wa hapa kijijini? Lebina? Yeye atalipeleka Butha-Buthe, atalifanya la kubebea marafiki zake, na kina Mama Puleng watarudi kubebesha punda. Na mimi nitakaa jikoni kwa shemeji yangu nikiomba lifti ya kwenda kumwona mwanangu. Hilo halitatokea nikiwa hai. Nililisema kikaoni, nalisema tena hapa.

Basi nikaanza kutafuta. Kila niliyemuuliza jibu lake lilikuwa lilelile. Fundi wa mjini niliyempigia simu akaniambia toa balbu, mama, itakoma kukusumbua. Mwalimu mkuu akasema ziba na utepe mweusi, la kwake limezibwa mwaka wa nne sasa. Nikaja kugundua kwamba kijiji chetu chote kinatembea na utepe kwenye dashibodi! Taa ya mafuta imezibwa, taa ya injini imezibwa, taa ya breki imezibwa. Watu wanaendesha magari vipofu na wanajisifu kwa usiku mtulivu wa dashibodi.

Na hili sasa hujaambiwa, kwa hiyo lisome taratibu. Ijumaa Kuu baada ya ibada, Baba Mkubwa alinivuta pembeni. Unamjua ana moyo mwema. Akatoa kikunjo cha utepe mweusi mfukoni mwa koti, akanitia mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Ziba, mwanangu, tumalize. Mimi ndiye nitakayechungulia, na sitaona kitu."

Nakiri kwako, sikulala vizuri na utepe ule. Kipande cha urefu wa kidole, gari linabaki langu, Lebina anakwenda zake. Nani angejua? Lakini wifi, Jumanne ile nilikuwa nimpeleke Mama kliniki. Mimi ndiye ningeshika usukani, na Mama ndiye angekaa kando yangu, na kona zile unazijua. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nilimrudishia Baba Mkubwa utepe wake Jumamosi asubuhi, mbele ya mkewe. Nikamwambia nashukuru, Baba, lakini mimi sitaki taa iliyonyamazishwa, nataka taa isiyo na la kusema. Akakasirika kidogo. Akasema nina kichwa kigumu. Nikamwambia ndicho nilichoolewa nacho.

Nikarudi uani nikaketi ndani ya gari, nikalifungua kitabu. Kitabu kinasema taa hiyo ni moja ila inasema mambo mawili: ama mafuta ya breki yamepungua, ama hendibreki haijashuka. Basi. Mambo mawili tu! Watu wananiambia toa balbu, kumbe mgonjwa ana magonjwa mawili tu ya kuchagua.

Nikachomoa waya wa kwenye kopo la mafuta. Ikizimika, basi kosa liko kwenye kopo. Haikuzimika. Nikarudisha waya, nikageuka kuitazama hendibreki. Imeshuka, lakini nilipoibonyeza kwa kiganja nikahisi inadunda, haifiki chini. Imebaki juu kama unene wa kidole.

Wifi, hapo nilicheka peke yangu mpaka mbwa akaja kuniangalia. Niambie wewe, ni lini umemwona mtu wa kwetu akivuta hendibreki? Wazee walituambia itaganda kwa barafu, utaamka asubuhi gari limeshikamana. Kwa hiyo tunaegesha kwa gia, na jiwe nyuma ya gurudumu, yamekwisha. Sekoati tangu alinunue gari hakuivuta hata mara moja. Na miaka yote hiyo tunabeba nini humo ndani? Sufu. Magunia yakijaa nyuma, mengine tunayapakata mbele, na wakati wa baridi mpaka wanakondoo wanapanda mbele na sisi.

Nilifungua ile ngozi inayofunika mguu wa hendibreki. Sufu niliyoitoa humo ungeweza kumfumia mtoto kofia! Imeshindiliwa, ina mafuta ya kondoo, ina vumbi, ngumu kama kwato. Kwa kuwa mkono ule haukuwahi kuinuliwa, sufu ilijikalia pembeni bila madhara. Nilipouinua mimi, kwa ajili ya viatu vipya, sufu ikaanguka chini yake. Mkono ukakosa pa kushukia. Kile kidude kidogo kinachozima taa hakikubonyezwa tena, na viatu vya nyuma vikabaki vinagusa ngoma kidogo kidogo.

Umeelewa? Taa haikuwa inanishtaki. Ilikuwa inaniambia breki ya nyuma imeshikilia. Nilipogusa magurudumu ya nyuma nikakumbuka hata pale uwanja wa shule yalikuwa ya moto, nami nikadhani ni upya wa viatu. Ningeliziba ile taa nikashuka mlima, viatu vingesuguana njia nzima, vingeungua, mafuta yangechemka, na kanyagio lingezama chini pale kwenye kona ya tatu.

Kisha nikasafisha kila uzi kwa kibano na bisibisi. Nikashusha mkono. Ukalala chini kabisa. Taa ikazimika. Nilipiga vigelegele, wifi, sina haya kusema, peke yangu Jumamosi mchana wakati watu wazima wanamwombolezea Bwana Yesu. Mama Puleng akatoka mbio akidhani nimepata mjukuu.

Jumatatu wakaja. Lebina alikuwa na koti jipya na kile kitambaa cha kupangusia vioo, amekuja kuchukua chake. Nikawasha gari. Baba Mkubwa akachungulia. Hakuna taa. Lebina akachungulia.

"Umetoa balbu," akasema.

"Vuta hendibreki, shemeji."

Akavuta, taa ikawaka. Akashusha, ikazimika. Akavuta tena. Nikamwambia avute mpaka achoke, mimi nina siku nzima. Baba Mkubwa akaanza kucheka chinichini, lakini Lebina akapandisha sauti. Akasema taa ni taa, mlima ni mlima, na hakuna mtu wa ukoo huu atakayepanda gari lililofungwa breki na mwanamke uani. Akasema baba yake alikufa kwa breki na mama yake hatakufa kwa breki. Na hilo la baba yenu, wifi, si la kujibiwa kwa ubishi.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, amejifunika blanketi lake. "Kesho nina kliniki," akasema. "Naenda na nani?"

"Na mimi, Mama," Lebina akadakia. "Gari langu liko hapo nje."

"Liwashe nione."

Akaliwasha. Mama akainuka na fimbo yake, akaenda, akainama dirishani. "Taa ya breki ya kwako iko wapi?"

"Iko hapo chini ya utepe, Mama, lakini ile ni..."

"Toa."

"Mama, hizi gari zote..."

"Lebina, nimekuzaa. Toa."

Akabandua. Wifi, ile taa ilikuwa nyekundu pyu, gari linaunguruma, na hendibreki iko chini. Lebina akaanza kueleza ni waya, ni unyevu, ni Wajapani. Mama hakumsikiliza. Alikuja mpaka kwenye pikapu yangu, akafungua mlango, akapanda, akafunga mkanda. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, kliniki ni Jumanne! Ikabidi tumbembeleze ashuke aje kula.

Jana tulishuka. Nakuambia ukweli kwa kuwa wewe ni mtoto wake: niliogopa. Breki nilizijua, nilizifunga kwa mkono wangu, lakini niliogopa. Nilishuka kwa gia ya pili, nikakanyaga kidogo na kuachia, kidogo na kuachia. Katikati ya mlima nikasimama penye upana, nikashuka, nikagusa magurudumu yote manne kwa kiganja. Yalikuwa na uvuguvugu tu, hata uji ungekuwa wa moto zaidi. Nikarudi kwenye usukani nikaendelea.

Na unamjua Mama ndani ya gari. Tangu baba yenu atumbukie, hajapita mlima ule bila kushika mpini wa mlango kwa mikono miwili na kusali kwa sauti kila kona. Ndivyo alivyokuwa kwa Sekoati, na Sekoati alikuwa dereva. Jana alisali kona ya kwanza, akasali kona ya pili. Kona ya tatu sikusikia kitu. Nikadhani amezidiwa. Nikamtupia jicho.

Tulifika kliniki salama, presha yake wakasema ni nzuri kuliko mwezi uliopita, tukapanda kurudi kabla ya saa tisa. Baba Mkubwa alikuwa getini anangoja. Alinipa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushikilia. Funguo ziko shingoni mwangu hivi ninavyoandika.

Lebina sina kinyongo naye. Nimemwambia alete gari lake Jumamosi, nitamwangalia breki bure, mradi anishikie tochi. Bado hajajibu. Atakuja, mlima ni uleule kwa wote.

Lakini wewe, wifi, wewe una neno la kufuta. Ulisema nimpe Lebina gari, na watu wa hapa walilichukua neno lako kama la shangazi wa nyumba, likawa kama muhuri. Lifute kwa mdomo uleule uliolisemea, mpigie Baba Mkubwa, asikie. Sikuombi kama mjane. Nakudai kama wifi yako. Na ukiona huwezi, njoo Krismasi ulichukue gari mwenyewe. Utanikuta uvunguni mwake, nami nitakusalimia kwa miguu.

Nisalimie mumeo Tumelo, mwambie ile redio yake bado inakoroma. Msalimie Palesa na mwanawe mchanga, Mungu amkuze. Mama Puleng anakusalimia, na Baba Mkubwa na mkewe, na hata Lebina, ingawa hajanituma. Mungu akutunze huko kwa watu, akulindie mgongo, akurudishe kwetu kwa njia iliyonyooka.

Mimi wifi yako nikupendaye hata ukinuna,

Mama Lineo

Nimemuuliza Mama niandike nini kwa niaba yake. Amefikiri kidogo, akasema: "Mwandikie Nthoateng kwamba nilisinzia. Kona ya tatu mpaka chini. Andika hilo tu, yeye ataelewa."